Nyumba Iliyowahi Kupasuka



Miongoni mwa barua zilizonifikia juma hili, iko moja iliyonifanya niweke kalamu chini na kutafakari. Imeandikwa na mfanyakazi wa bandarini aliyebakiza miezi michache kustaafu. Anasema ameoneshwa nyumba ya vyumba vitatu upande wa Kimara. Bei anaimudu, mkewe ameipenda, na uani kuna mwembe wenye kivuli kizuri. Lakini walipokuwa wakiondoka, jirani mmoja alimnong'oneza kwamba nyumba ile iliwahi kupasuka kiasi cha mtu kupenyeza kidole ukutani, kisha ikatengenezwa. Mwenye nyumba alipoulizwa hakukana. Alisema ni kweli, na kwamba mambo hayo yamekwisha. Sasa ndugu yetu anauliza: anunue, au akimbie?

Swali hili linanihusu kuliko anavyodhani, na kabla sijamjibu sina budi kuungama.

Miaka kadhaa iliyopita, mwenzetu mmoja tuliyefanya naye kazi alipokea kiinua mgongo chake, akatuomba sisi rafiki zake watatu tufuatane naye kuitazama nyumba aliyotafutiwa na dalali. Tulikwenda Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, jua likiwaka. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya, ya maziwa kwa nje na ya samawati kwa ndani, na sakafu inang'aa. Tukakaribishwa barazani, tukaletewa soda baridi. Mimi ninayeandika haya ndiye niliyetangulia kusema, "Hii ni nyumba ya kuhamia leo hii." Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini nyumba yenye umri wa zaidi ya miaka 20 ilikuwa na rangi ya juma moja.

Masika yalipoingia, ufa ulijitokeza kwenye pembe ya dirisha la chumba cha watoto, ukapanda mshazari mpaka chini ya kenchi. Kufika mwezi wa Mei mlango wa uani haukufungika tena. Fundi alipobandua plasta alikuta plasta nyingine, na chini ya hiyo akakuta nyingine tena. Ufa ule ule ulikuwa umezibwa mara tatu. Muuzaji alipotafutwa alijibu kwa utulivu kabisa kwamba hakuulizwa.

Na kweli hakuulizwa. Watu wengi hudhani kwamba sheria itamkamata mtu wa namna hiyo bila shida. Haiko hivyo. Sheria yetu ya Mikataba inasema kwamba kuficha kwa makusudi jambo unalolijua ni udanganyifu, na aliyedanganywa anaweza kuukataa mkataba. Lakini sheria hiyo hiyo inasema pia kwamba kunyamaza peke yake si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo hali yenyewe inamlazimu mtu kusema, au ukimya wake ni sawa na kauli. Tena yako maneno yanayomgusa mnunuzi mwenyewe: ikiwa ni ukimya uliompotosha, naye angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, basi kuuvunja mkataba kwa sababu hiyo ni vigumu. Je, kupaka plasta juu ya ufa ni kuficha, au ni kutengeneza? Mawakili wanaweza kushindana juu ya swali hilo mwaka mzima, nawe muda wote huo ungali unalala chini ya ufa wako.

Kwa hiyo swali huulizwa kabla ya fedha kutoka mfukoni, nalo huulizwa kwa maneno yasiyo na mlango wa kutokea. Nyumba hii imewahi kupasuka, kutitia, kuingiwa na maji, au kutengenezwa msingi, kuta au paa? Ni lini, kwa sababu gani, na nani aliyeitengeneza? Jibu liandikwe ndani ya mkataba wa mauziano na litiwe saini mbele ya mashahidi. Muuzaji akisema "haijawahi" na huku anajua kwamba imewahi, hapo hakunyamaza tena. Amesema uongo kwa maandishi. Na akikataa kabisa jibu lake lisiandikwe, amekwisha kukujibu.

Baada ya hayo niseme jambo ambalo huenda likamshangaza ndugu yetu wa bandarini. Kupasuka kwa nyumba zamani si sababu ya kuikimbia. Nyumba nyingi za miji yetu zimejengwa kidogo kidogo, chumba hiki mwaka huu, kile mwaka ujao, na ni chache ambazo hazina kovu lolote. Ufa ni dalili, nao una chanzo chake. Kuuziba kwa plasta na rangi bila kukigusa chanzo ni sawa na kumpangusa jasho mgonjwa wa malaria na kumwambia amepona. Jambo la kupeleleza basi ni chanzo: kilikuwa nini, na je, kimeondolewa?

Viko vyanzo vilivyokwisha vyenyewe. Lori lilirudi nyuma likagonga ukuta, ukuta ukajengwa upya, hadithi imekwisha. Viko vinavyoweza kuondolewa, na hivi ndivyo vingi: bomba lililovuja chini ya sakafu kwa miaka miwili, shimo la maji machafu lililochimbwa hatua tatu kutoka ukutani, paa lisilo na mifereji ambalo maji yake yote huanguka kwenye mguu wa msingi na kuuchimbua. Maji ndiyo adui mkubwa. Ukiambiwa kwamba ufa ulitokana na bomba, omba uoneshwe bomba jipya lilikopita. Ukiambiwa ulitokana na maji ya paa, tazama kama mifereji imewekwa na kama maji yanaongozwa mbali na nyumba. Ikiwa ufa umezibwa lakini maji yangali yanaanguka palepale, usipoteze muda wako.

Kisha viko vyanzo visivyoondoka, kwa sababu vimo ndani ya ardhi yenyewe. Udongo mweusi wa mbuga, na hata baadhi ya udongo mwingine wa mfinyanzi, huvimba unapolowa na kunywea unapokauka. Nyumba iliyosimama juu yake huinuliwa wakati wa mvua na kushushwa wakati wa kiangazi, tena si sawasawa pande zote, maana udongo wa chini ya sakafu hubaki na unyevu wakati ule wa pembeni umekauka. Ukuta haukuumbwa kwa mchezo huo, nao hupasuka. Pale Kibaha wataalamu wamezichunguza nyumba zilizoharibiwa na udongo wa namna hiyo. Huwezi kuufukuza. Nyumba ya mahali hapo hustahimili tu ikiwa msingi umeshuka hadi kina ambacho mvua na jua havikisumbui, au ikiwa chini imefungwa kwa zege lenye nondo ili iinuke na kushuka kama kitu kimoja.

Hapo ndipo mwembe unapoingia. Mti mkubwa hunywa maji mengi, na kwenye udongo wa mfinyanzi mti ulio karibu na nyumba huukausha udongo wa upande mmoja, na upande huo ukatitia. Lakini msikimbilie shoka! Mti wa siku nyingi ukikatwa, udongo uliozoea ukavu hurudiwa na maji, ukavimba na kuinua kile ulichokuwa umekishusha. Kwanza aulizwe mtaalamu.

Bonde nalo halibadiliki kwa sababu limepakwa rangi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 hapa Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Baada ya maji kupungua, nyumba zilizobaki zilisafishwa, zikakarabatiwa, na nyingine zikauzwa. Ukikuta nyumba ya bondeni ambayo kuta zake zimebandikwa vigae mpaka kifuani, hata chumbani na sebuleni, usiseme mwenyewe ana fahari. Uliza maji yalifika wapi. Tena utazame ukuta wa nje. Alama ya X nyekundu ya wabomoaji hujitokeza polepole chini ya rangi hafifu, nami nimewahi kuiona kwa macho yangu.

Wasomaji wetu wa Bukoba wana habari yao. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililopimwa kuwa na ukubwa wa 5.9, liliua watu na kuharibu maelfu ya nyumba za mkoa wa Kagera. Tangu hapo nyumba nyingi zimetengenezwa, na leo si rahisi mgeni kutambua ni ipi iliyopasuka. Tetemeko likirudi halitauliza kama plasta ni nzuri. Litatafuta pembe za kuta ambazo hazikufungamana. Kwa hiyo mnunuzi wa huko aulize kama, wakati wa kutengeneza, nyumba ilivikwa mkanda wa zege lenye nondo juu ya madirisha, unaozunguka kuta zote bila kukatika. Nyumba isiyokuwa na mkanda huo imezibwa tu.

Tuje sasa kwenye namna ya kutazama. Chukua timazi, pima maji, gololi ya mtoto na tochi. Nenda asubuhi, bila soda.

Ufa mwembamba kama unywele, usiokuwa na mwelekeo, unaotapakaa kama utando wa buibui, aghalabu ni wa plasta tu, iliyokauka haraka au iliyotiwa saruji nyingi. Huo usikunyime usingizi. Ufa unaoanzia kwenye pembe ya dirisha au mlango na kupanda mshazari ni habari nyingine. Ama lenta ni fupi au haina nondo za kutosha, ama msingi umeshuka upande mmoja. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, au kinyume chake, ukuta umezunguka, na yamkini msingi unahusika. Ufa uliosimama wima pale chumba cha nyongeza kilipoungana na nyumba ya zamani unaonesha kwamba viwili hivyo vinashuka kila kimoja kwa kasi yake. Wahandisi wengi hufuata kipimo kilichotungwa Uingereza: ufa usiozidi milimita 5 kwa kawaida ni wa kuzibwa, kati ya 5 na 15, milango na madirisha huanza kugoma na mabomba huweza kukatika, ukipita 15, kuna kuta za kubomoa na kujenga upya. Ule wa kupenyeza kidole, ndugu yetu wa bandarini, umo katika daraja hilo la mwisho au karibu nalo.

Lakini wewe unatazama nyumba iliyokwisha tengenezwa, ambayo ufa wake umefichwa chini ya kazi ya fundi. Basi tafuta kovu. Weka tochi ubavuni mwa ukuta ili mwanga uteleze juu yake. Kiraka kilichojazwa kitainuka au kuzama. Gonga kwa kifundo cha kidole. Plasta iliyoachana na tofali hutoa sauti ya debe tupu. Fungua na kufunga kila mlango na kila dirisha, maana fremu haijui kusema uongo. Na ukiona mlango umerandwa juu kwa mshazari, nyumba ilihama baada ya mlango kutiwa. Weka gololi sakafuni uone inakokimbilia. Ingia nyuma ya kabati, panda darini, zunguka nje kwenye mguu wa ukuta ambako wapaka rangi huchoka. Na ikiwa chumba kimoja tu ndicho kilichopakwa upya, anzia hapo.

Kwa nyumba za kale za mwambao, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, liko la kuongeza. Nyingi zimetengenezwa kwa plasta ya saruji, kwa nia njema kabisa. Saruji ni ngumu kuliko ukuta ule wa zamani, nayo huuzuia usipumue. Unyevu hubaki ndani, chokaa hulegea, na siku moja saruji hubanduka pamoja na jiwe. Huko kiraka kigumu si sifa.

Matengenezo ya kweli huacha ushahidi. Ikiwa msingi ulitiwa nguvu, kazi hiyo haikufanywa na fundi mmoja kwa Jumapili mbili. Huchimbwa chini ya msingi wa zamani kwa vipande vya mita moja hivi, kimoja kimoja na kwa kupishana, ili nyumba isibaki hewani. Kila kipande humwagwa zege, likaachwa lishike ndipo kinachofuata kichimbwe. Kazi hiyo huchukua majuma mengi, na majirani huikumbuka. Ikiwa ukuta ulishonwa, mifereji ya kulala ilikatwa kuvuka ufa, nondo zikalazwa ndani yake na kufunikwa kwa mchanganyiko mkali. Mwenye nyumba aliyeyagharimia mambo haya hana haya ya kuyaeleza. Atakupa jina la fundi au mhandisi, atakutolea risiti za nondo na saruji, picha za shimo likiwa wazi, na kibali cha ujenzi kama kilihitajika. Mwenye kukuambia "tulitengeneza" na asikumbuke mwaka wala fundi, yamkini alinunua kopo la rangi.

Uliza pia kazi ilifanywa mwezi gani. Udongo hauwezi kuhukumiwa kabla ya kupitiwa na kiangazi na masika, angalau mara moja kila kimoja. Nyumba iliyotengenezwa Januari na kuuzwa Februari haijajaribiwa na chochote, kama ile tuliyoisifu sisi tukinywa soda. Ikiwa matengenezo hayajapita mwaka, na bado unaitaka, pendekeza sehemu ya bei ibaki mikononi mwa wakili mpaka masika yapite, na liandikwe. Wauzaji wengi watakataa. Wako watakaokubali, na hao ni watu wa kuzungumza nao.

Nimeulizwa mara nyingi kama ripoti ya mthamini haitoshi, hasa pale benki inapotoa mkopo. Haitoshi. Mthamini anaangalia nyumba ina thamani gani sokoni, na mara nyingi anaiona kwa nusu saa. Afya ya msingi huitazama mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, au, ukikosa uwezo huo, fundi mwashi mzee asiyejuana na dalali. Ada ya mhandisi inauma. Mwenzetu yule aliona inauma, nasi hatukumshauri vinginevyo. Baadaye alilipa ada hiyo hiyo, akalipa na vibarua wa kuchimba, akalipa saruji, nondo, mifereji na mlango mpya, na mwanawe wa kwanza akachelewa mwaka mzima kwenda chuoni. Muuzaji hakurudisha hata senti.

Mhandisi aliyemjia alifanya jambo dogo ambalo kila mtu anaweza kulifanya. Alibandika vipande vitatu vya kioo chembamba kuvuka ufa, akavishika kwa saruji pande zote mbili, na ukutani akaandika tarehe kwa kalamu ya risasi. Kioo hakivutiki, ukuta ukisogea kidogo tu, kinakatika. Viwili vilikatika kabla ya mwezi kwisha, ndipo wakajua kwamba nyumba ingali inatembea, na kwamba kuziba kungekuwa kutupa fedha. Mnunuzi anaweza kuomba jambo hili kwa muuzaji, ikiwa mauziano hayana haraka ya kuzimia moto.

Basi, ndugu wa bandarini, jibu langu ni hili. Muuzaji wako ameanza vizuri, kwa kuwa hakukana, na hilo usilidharau. Rudi kwake na mkeo, kwa heshima, mwambie akueleze yote tangu ufa ulipoonekana: mwaka, chanzo, fundi, risiti. Mtafute yule jirani mwenye mnong'ono, umwulize kama aliona shimo likichimbwa chini ya msingi au aliona ngazi na brashi tu. Pima kwa hatua kutoka mwembe hadi ukutani. Usilipe chochote, hata kile kinachoitwa cha kushikia nyumba, kabla mhandisi hajaingia. Akisema chanzo kiliondolewa na nyumba imetulia, na bei ikizingatia historia yake, inunue na uhamie kwa amani. Utakuwa unaijua nyumba yako kuliko jirani aliyenunua mpya. Akisema hajui chanzo, subiri masika yajayo yapite kwanza. Najua kodi ya unakokaa inakusukuma, na fedha ya mafao ikikaa benki ndugu huwa wengi. Subiri hata hivyo.

Wale walionitumia barua juu ya mabati yanayopata kutu kabla ya miaka mitatu wawe na subira. Nimezipata zote, na nitazijibu Jumapili ijayo.